Ampu ya gitaa ya valvu kwa chasisi ya kuagiza: soma hii kabla hujachoma kitu

Kila nikiweka picha ya ampu yangu naulizwa yale yale: kaka chasisi (lile bati la chuma linalobeba kila kitu) unatoa wapi, umeme wetu hautaiunguza, naweza kutumia transfoma ya redio ya babu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo yote nimeyaweka hapa, na kama kuna mtu kakutuma uje usome basi fika mwisho kwanza ndo uwashe soldaringi.

Tunaunda Fender Champ, ule mchoro unaoitwa 5F1, wa Fullerton, California, miaka ya 1950. Nauchagua huu kila siku kwa wanaoanza maana una valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani) tatu tu: 12AX7 moja ya kukuza sauti ya gitaa, 6V6 moja ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme kuwa DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri. Poti, yaani kitasa cha kuzungusha, ni moja tu, ya sauti. Inatoa wati 5 hivi. Usijidanganye kwamba utapiga nayo dansi ukumbini pembeni ya ngoma na besi, utamezwa, ila kwa chumbani na kurekodi inatosha kabisa na majirani watajua unapiga nini.

Kuhusu redio ya babu: hapana. Transfoma yake hujui inatoa volti ngapi, na kapasita zake, vile vitu vinavyotunza chaji, zimekauka kitambo.

Hii kitu inaua, tuelewane

Ndani kuna volti kama 340 za DC, na hazitoki ukichomoa plagi. Zinakaa ndani ya kapasita zinakusubiri. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine jitengenezee kifaa cha kumaliza chaji: rezista ya kilo-omu 22 ya wati 5, waya kila upande, vibanio vya mamba mwishoni, alafu vishike vizuri kwa tepu ya umeme. Ukishachomoa plagi, banio moja kwenye chasisi, lingine kwenye chanya ya kapasita ya kwanza, hesabu hadi kumi, alafu PIMA kwa mita ya umeme (multimeter) uone zimeshuka chini ya volti 5 au 6. Usikisie. Ukipima kitu kikiwa kimewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, viatu mguuni, na asiwepo mtoto wala paka mezani.

Na kama hujawahi kutumia mita hata kupima soketi ya ukutani, anza na kitu kidogo kwanza, pedali ya betri ya volti 9 kwa mfano. Ampu haikimbii.

Vya kuwa navyo

Vya kuagiza: chasisi iliyokwisha kutobolewa, transfoma mbili (ya umeme na ya spika), soketi mbili za valvu za pini 8 na moja ya pini 9, ubao wa saketi wenye vitundu vya chuma, valvu tatu, kapasita na rezista za mchoro. Agiza chasisi na transfoma kwa muuzaji mmoja ili matundu yalingane, maana nimeona mtu anatoboa chuma kwa drili ya mbao siku nzima kwa sababu ya milimita nne. Transfoma ni nzito na mzigo unalipiwa kwa kilo, ushuru juu yake, kwa hiyo piga hesabu yote kabla hujafurahia bei uliyoiona kwenye tovuti.

Vya kununua hapa hapa: waya wa umeme wa nyuzi tatu, plagi, fyuzi, skrubu, mbao, waya mwembamba wa ndani wenye ganda la kuhimili volti 600. Usikate kebo ya intaneti ukatumia nyaya zake, najua zina rangi nzuri, ganda lake halikutengenezwa kwa volti hizi. Risasi ya kulehemu ya 60/40, soldaringi ya wati 40 hadi 60, mita inayopima hadi volti 600 DC au zaidi, na spika ya inchi 8 ya omu 4.

Kingine ni balbu ya zamani ya waya, wati 60, sio LED, na hoda yake. Siku hizi inabidi uitafute, ila itafute. Unaifunga kwenye ule waya wa laivu unaoenda kwenye soketi ya majaribio, yaani umeme upite ndani ya balbu kwanza ndo ufike kwenye ampu. Ampu ikiwa na shoti, balbu inawaka kali badala ya transfoma yako kuungua. Hiki kifaa kimeniokolea pesa kuliko kitu chochote mezani kwangu.

Hatua

1. Soma transfoma kabla hujafungua kitu kingine chochote. Marekani wanatumia volti 120 na hetsi 60. Tanzania ni 230, Kenya na Uganda 240, Burundi na Kongo 220, wote hetsi 50. Unataka transfoma iliyoandikwa 230 au 240 upande wa kuingilia, na iwe imeandikwa 50/60. Ya hetsi 60 peke yake itapata moto zaidi kwetu hata kama volti ni sahihi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya 120 tupu, imeandikwa waziwazi ubavuni, mimi nikasoma nambari ya simu ya kiwandani nikasahau kusoma hiyo. Sekunde nne hivi. Harufu ya vanishi iliyoungua ilikaa kwenye pazia wiki nzima.

Kuna transfoma zenye koili mbili za 120 upande wa kuingilia, hizo zinafaa, unaziunga mfululizo: mwisho wa ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Ukigeuza moja zitapingana na fyuzi itaruka, kwa hiyo jaribu kupitia balbu.

2. Andika rangi za nyaya kwenye karatasi, ibandike ukutani. Hapa ndo watu wengi wanapotea, maana chasisi imetoka kwa watu wenye rangi zao. Kwa transfoma ya Kimarekani, nyeusi ni za kuingilia umeme, nyekundu mbili ni volti kubwa, nyekundu yenye mstari wa njano ni katikati yake, kijani ni volti 6.3 za kupasha valvu, njano ni volti 5 za 5Y3. Sasa angalia balaa: waya mweusi kwa Mmarekani ni laivu, ila kwenye nyumba zetu za zamani zilizofungwa kwa rangi za Kiingereza mweusi ni nyutro. Na kijani chenye mstari wa njano, ambacho wewe unakijua kama ethi, kwenye transfoma ni katikati ya zile 6.3. Kwenye waya mpya wa plagi, kahawia ni laivu, bluu nyutro, kijani-njano ethi. Pia muuzaji anaweza kuwa na rangi zake kabisa, karatasi iliyokuja na transfoma ndo inashinda, sio mimi.

Na zile njano. Zimeandikwa volti 5, mtu anaona 5 anadhani ni kama chaja ya simu. Kwenye 5Y3 zile 340 zinatokea kwenye pini 8, ambayo ni hiyo hiyo inayopashwa na waya wa njano. Kwa hiyo njano zote mbili zinabeba 340 ampu ikiwaka. Zifanye kama nyoka.

3. Funga vitu vya chuma kwanza: soketi, transfoma, poti, jeki (tundu la kuchomeka waya wa gitaa). Kila tundu linalopita waya lipate mpira, chuma kilichotobolewa ni wembe. Soketi mbili za pini 8 zinafanana kabisa na valvu zake zinaingia popote, kwa hiyo chukua maka uandike pembeni ya kila moja 6V6 na 5Y3, ndani na nje. Pini zinahesabiwa ukiwa umegeuza chasisi chini juu, kuanzia kwenye alama, kwa mwendo wa saa. Ukihesabia juu utafunga ampu nzima kinyume, sikutanii, imeletwa mezani kwangu moja ya hivyo.

4. Fanya upande wa umeme wa ukutani. Ethi iende kwenye chasisi kwa boliti yake peke yake, chini yake pete ya chuma yenye meno (washer), rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, na waya huo uwe mrefu kuliko wenzake ili ukivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Laivu iende kwenye fyuzi (ampea 1, ile ya kuchelewa kuruka), alafu swichi, alafu transfoma. Nyutro moja kwa moja. Kwenye plagi ya pini tatu za bapa toa ile fyuzi ya 13 weka ya 3. Ukiwa unafuata mchoro wa zamani wenye waya wa nyuzi mbili, au wenye kapasita inayotoka kwenye umeme wa ukutani hadi kwenye chasisi, hivyo viwili achana navyo, wazee walikuwa na bahati tu.

5. Nyaya za kupasha. Chukua zile kijani, zisokote vizuri pamoja kama kusuka nywele, zipite kwenye kona ya chasisi mbali na nyaya za gitaa. Kwenye 6V6 ni pini 2 na 7. Kwenye 12AX7 unga 4 na 5 pamoja kwa waya mmoja, 9 kwa mwingine. Kijani-njano kwenye chasisi. Kama transfoma yako haina waya huo wa katikati, weka rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila kijani kwenda kwenye chasisi. Njano ziende pini 2 na 8 za 5Y3, nyekundu pini 4 na 6, na nyekundu-njano chini, kwenye hasi ya kapasita ya kwanza.

6. Jaza ubao ukiwa nje ya chasisi. Fuata mchoro, hapa nakupa yale yanayokosewa. Kapasita kubwa za umeme ni 16, 8 na 8 maikrofaradi (hizo ndo ya kwanza, ya pili na ya tatu), chukua za volti 500, zina chanya na hasi, ukigeuza zinapasuka kweli. Kati yake kuna rezista ya kilo-omu 10 alafu ya 22. Rezista ya pini 8 ya 6V6 ni omu 470, mchoro wa zamani unasema wati 1, wewe weka ya wati 5 uinyanyue kidogo juu ya ubao maana inapata joto. Pima kila rezista kwa mita kabla ya kulehemu, rangi ya kahawia na nyekundu kwenye taa ya usiku ni kitu kimoja. Lehemu nzuri inang'aa na imeenea. Ikiwa kama kidonge kilichokaa juu, rudia.

7. Unganisha ubao na soketi. 6V6: pini 3 kwenye waya wa bluu wa transfoma ya spika, 4 kwenye kapasita ya pili, 5 inapokea sauti, 8 kwenye ile 470. Waya mwekundu wa transfoma ya spika unatoka kwenye kapasita ya kwanza. Waya wa kutoka jeki ya gitaa uwe mfupi, na zile rezista za kilo-omu 68 ziwe karibu na 12AX7 kadiri unavyoweza. Ethi za upande wa gitaa zikusanye zote sehemu moja karibu na jeki, za kapasita kubwa na 6V6 zikusanye karibu na transfoma. Usitumie kila skrubu unayoiona kama ethi, utalea muungurumo ndani ya nyumba.

Alafu acha. Lala. Kesho chukua mchoro na kalamu ya rangi, fuata waya mmoja mmoja, kila uliohakikisha upake rangi. Kila ampu niliyoikagua usiku huo huo nilikuta "iko sawa", na asubuhi nikakuta kosa.

8. Kuwasha mara ya kwanza, kupitia balbu, bila valvu hata moja. Balbu iwake kidogo sana au isiwake. Weka mita kwenye AC (umeme wa kugeukageuka, kama wa ukutani): kijani kwa kijani 6 na kitu, njano kwa njano 5 na kitu, kila nyekundu kwa chasisi ziwe sawa pande zote mbili, 325 au zaidi kidogo maana hakuna mzigo. Balbu ikiwaka kali, zima, kuna shoti.

Zima, chomoa. Sasa weka valvu zote tatu kwa pamoja na UNGANISHA SPIKA. Ampu ya valvu haiwashwi bila spika, transfoma ya spika inaweza kufa. Na usiweke 5Y3 peke yake kwa hamu ya kuona, bila 6V6 ya kula umeme volti zinapanda hadi kupita 450 na kapasita za bei rahisi hazipendi. Washa kupitia balbu: inawaka kidogo, inafifia, alafu inapanda taratibu valvu zikipata moto. Ikitulia bila kuwaka kali, zima, toa balbu, washa moja kwa moja.

9. Pima ukiwa umetoa balbu, mita kwenye DC, waya mweusi wa mita ukibanwa kwenye chasisi ili mkono mmoja ubaki mfukoni. Kapasita ya kwanza kama 340, ya pili kama 305, ya tatu 250 hivi, na pini 8 ya 6V6 kama 19. Ukiwa ndani ya asilimia kumi, usiumize kichwa.

Ila hapa kwetu umeme una tabia zake, mchana 215, usiku wa manane 245, kwa hiyo pima na wa ukutani uandike pembeni. Alafu piga hesabu hii: volti za pini 8 gawa kwa 470, ndo mkondo. Kwa 19 ni ampea 0.040. Zidisha kwa volti za pini 3 ukitoa zile 19. Kwa pini 3 yenye 330 unapata wati 12 na nusu, na hapo ndani kuna mkondo kidogo wa pini 4, kwa hiyo valvu yenyewe inabeba chini kidogo ya hapo. 6V6GT ya vitabu vya zamani imewekewa 12, vitabu vya baadaye 14. Ukipata 15, badilisha 470 uweke 560 au 680, usisubiri valvu ikuambie.

10. Piga. Poti katikati, gitaa moja kwa moja. Kuna watu wataanza kukuambia ongeza kapasita ya maikrofaradi 25 kwenye pini 3 ya 12AX7 sauti inenepe. Ni kweli inanenepa. Ila ishi na ampu mwezi mmoja kwanza, usianze kurekebisha kitu ambacho hujakijua sauti yake.

Ikigoma

Inapiga yowe kali ukiwasha, hata poti ikiwa chini: ule waya wenye rezista nyingine ya kilo-omu 22, unaorudisha sauti kutoka spika, uko kinyume. Geuza nyaya mbili za transfoma ya spika upande wa spika. Hii inatokea nusu ya ampu zote, sio kosa lako.

Inaunguruma: sikiliza vizuri. Muungurumo mzito wa chini, hetsi 50, unatoka kwenye nyaya za kupasha au ethi. Ukiwa kama nyuki mkubwa, hetsi 100, angalia kapasita kubwa na lehemu zake. Ukiongezeka ukichomeka gitaa peke yake, ni gitaa lako au ile taa ya tyubu juu ya kichwa chako, zima taa kwanza.

Inakamata redio: nilishawahi kupata taarifa ya habari nzima kwenye yangu, inasikika safi kabisa. Zile 68 hazikuwa karibu na soketi, nilizisogeza ikaisha.

Fyuzi inaruka: rudi kwenye balbu, toa valvu zote, rudisha umeme. Ikitulia ni 5Y3 au kapasita iliyogeuzwa, isipotulia ni transfoma au nyaya zake. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge karatasi ya sigara, nawajua.

6V6 ina wekundu kwenye bati lake la ndani (sio ule mwanga wa chungwa katikati, huo ni wa kawaida): zima sasa hivi. Ama 470 imekosewa, ama kapasita ya 0.02 inayotoka 12AX7 inavujisha. Pima pini 5, inatakiwa iwe sifuri au karibu yake.

Kimya kabisa, volti zote ziko sawa: gusa pini 2 ya 12AX7 kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa plastiki, sauti juu kidogo. Ikitoa mlio, shida iko kwenye jeki, na tisa kati ya kumi ni jeki imefungwa kinyume inajizima yenyewe ukichomeka waya.

Inalia kama kengele ukigonga kwa penseli kwenye 12AX7: valvu hiyo ina mtetemo, badilisha na nyingine. Nunua mbili tangu mwanzo, mzigo ukiwa njiani kilo haitaongezeka.

Sanduku, fanya la paini, mninga ni mzuri ila utabeba jiwe. Mbele ya spika weka kitambaa kinachopitisha pumzi. Kitenge kizito kinaziba sauti ya juu, cha kwangu ilibidi nikivue nikafunge mgongoni kwenye mbao, mbele nikaweka kitambaa cha spika za gari.